Kiti Kimoja cha Katalogi

Lornah Akoth aliajiriwa maktabani mwaka wa 1983, na kwa muda mrefu watu wengi wa chuo hawakujua kama yupo. Chuo chenyewe wakati huo kilikuwa cha ualimu, kando ya barabara ya Busia, ukishatoka Kisumu na kupanda mlima kabla hujafika Maseno. Wanafunzi waliokwenda kuazima vitabu walimjua yule anayegonga muhuri mezani na yule anayewafukuza wakikutwa na mandazi. Lornah hawakumjua kwa sababu alifanya kazi nyuma ya ukuta, katika chumba chenye mlango ulioandikwa Katalogi.

Kila kitabu kipya kilipitia humo kabla ya kufika rafuni. Lornah alikifungua, akasoma dibaji na yaliyomo, akaamua kinahusu nini hasa, kisha akakipa namba ya mahali kitakapokaa. Akaandika kwa penseli jina la mwandishi, jina la kitabu na mada zake. Karatasi ile ilihamia meza ya pili, kwa Absalom Shitanda, ambaye kwa taipureta yake aliigeuza kuwa kadi. Kitabu kimoja kilihitaji kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina na ya kila mada, ili mwanafunzi anayejua jambo moja tu kukihusu aweze kukipata. Kadi zilipangwa kwa alfabeti katika droo ndogo za mbao zilizosimama ukumbini, na ufito wa chuma ukapitishwa katika matundu yake ili asitokee mtu wa kuzichomoa.

Shitanda alikuwa mtu wa Kakamega, mrefu, mwenye miwani mizito, aliyemzidi Lornah umri kwa miaka kumi na zaidi. Aliishi Kondele na mkewe Maximilla na watoto wao. Lornah alikuwa Mluo, ameolewa Luanda Kotieno kando ya ziwa, kwa hiyo lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na kila mmoja alikuwa ameyazoea makosa ya mwenzake. Shitanda alimwita Mama Anyango, kwa jina la kifungua mimba wake, ingawa kwa cheo Lornah ndiye aliyekuwa mkubwa. Lornah alimwita Bwana Shitanda, na hakuwahi kumtuma chai.

Taipureta ilikuwa na mwendo wake, na Lornah aliweza kufanya kazi asubuhi nzima akiusikiliza bila kujua kuwa anausikiliza. Ikinyamaza ghafla alijua kuwa yeye mwenyewe amekosea mahali kwenye karatasi.

"Mama Anyango," Shitanda angesema bila kugeuka, "huyu mwandishi amekufa kabla hajazaliwa."

"Lete." Naye angeichukua karatasi, aibadilishe miaka aliyoipindua, na taipureta ingeendelea.

Alikipenda chumba kile. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, asiyependa kuangaliwa anapozungumza, na mle ndani kulikuwa na jambo moja la kufikiri kwa wakati mmoja. Mumewe, Dalmas Ouma, alikuwa karani wa chama cha wavuvi kule Luanda Kotieno. Lornah aliishi na watoto katika nyumba za wafanyakazi wa chuo, akirudi nyumbani ufuoni mwisho wa mwezi. Dalmas aliwahi kumuuliza, si kwa ubaya, anafanya nini humo siku nzima ikiwa haazimishi vitabu wala havisomi mpaka mwisho.

"Ninavitafutia makao," Lornah alimwambia.

"Kumbe ni kama mambo ya mashamba."

"Ni kama mambo ya mashamba, ila wenyewe hawapigani."

Mwaka wa 1990 chuo kiliingizwa katika chuo kikuu. Majengo yalipakwa rangi, wahadhiri wakahamia, na vitabu vikaanza kuja kwa makasha, vingine vya kununuliwa, vingine zawadi kutoka ng'ambo. Makarani wawili waliongezwa chumbani. Lornah na Shitanda walikuwa na kazi kuliko walivyoweza kuimaliza, na hakuna aliyeona sababu ya hali hiyo kubadilika.

Aliyeibadilisha alikuwa Bwana Simiyu, mkutubi mkuu mpya, aliyekuja mwaka wa 1995 baada ya masomo ya nje. Hakuwa mtu wa makelele. Kompyuta ya kwanza ya maktaba ilipofika aliibeba mwenyewe kutoka kwenye gari, akaiweka katika chumba cha katalogi, akaiacha juma zima watu waizoee. Kisha akamwita Lornah ofisini.

"Keti, Mama Lornah," alisema. "Nitasema wazi, maana wewe ndiye mkubwa kule nyuma. Maelezo ya vitabu vingi siku hizi yanakuja yakiwa tayari, kwenye diski. Kitabu kikishachambuliwa mahali pamoja, hakuna haja kila maktaba ikae ikifikirie upya. Kadi tutaacha kuzichapa. Katalogi itabaki na mtu mmoja na kompyuta."

"Mmoja," Lornah alisema.

"Mmoja. Wale makarani wawili nitawapeleka kwenye rafu. Na ninahitaji mtu wa mbele, wa kuwafundisha wanafunzi kutafuta. Tunachukua wanafunzi wengi mno, na nusu yao hawajawahi kuingia maktaba kabla ya hii."

"Kwa hiyo mimi na Bwana Shitanda, mmoja nyuma, mmoja mbele."

Simiyu alisugua paji la uso. "Hapo ndipo pananisumbua. Kiti cha katalogi ni chako, umekisomea. Lakini Mzee Shitanda siwezi kumweka mbele ya darasa. Yeye amesomea kuchapa. Nikikuacha wewe kwenye kompyuta, nafasi ninayoiona kwake ni pale mlangoni, kukagua mifuko ya wanafunzi wanapotoka."

Lornah aliomba afikiri kidogo.

Jumamosi hiyo alikwenda Luanda Kotieno. Boti za Mbita zilikuwa zikipakia abiria, na akina mama waliochuuza omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wametandaza nyavu kuukuu kwenye mchanga ili kuianika. Dalmas alimsikiliza mpaka mwisho huku akitafuna muwa.

"Si amesema kiti ni chako?" aliuliza.

"Amesema."

"Basi kuna nini cha kufikiri?"

"Nitakuwa nikimpita kila jioni pale mlangoni," Lornah alisema. "Anapapasa mifuko ya watoto, mtu niliyekaa naye miaka yote hiyo. Ataniambia, Mama Anyango, fungua mkoba."

"Labda hatajali."

"Mimi nitajali."

Dalmas alitema makapi. "Na huko mbele, utaweza? Wewe hata kwenye mkutano wa kanisa huombi kwa sauti."



Jumatatu Lornah alimwambia Simiyu kwamba ataenda mbele, na kwamba Shitanda afundishwe kompyuta. Simiyu alimtazama sana. Alisema mzee ana miaka hamsini na mashine ile haimngojei mtu. Lornah alisema vidole vya Shitanda vinajua mahali herufi zilipo, na mengine atamfundisha yeye mwenyewe. Kwa Shitanda alieleza tofauti. Alimwambia amechoshwa na chumba, anataka kuona watu.

"Wewe?" Shitanda alisema, akivua miwani. "Kuona watu?"

"Mtu hubadilika."

"Haya," alisema taratibu. "Ahsante kwa kuniambia." Akavaa miwani, akaanza kukunja kifuniko cha taipureta.

*

Mwaka wa kwanza mbele ulikuwa mgumu. Lornah alipewa meza karibu na mlango, chini ya kibao kilichosema Maelezo, na watu waliokuja mezani waliuliza choo kiko wapi, mashine ya kutoa nakala inafunguliwa saa ngapi, na kama ameona mwavuli mweusi. Darasa lake la kwanza lilikuwa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliosimama ukumbini wakisukumana mbele ya droo za kadi. Alieleza utaratibu wote, tangu namba ya kitabu mpaka kadi ya mada, kwa sauti ambayo safu ya pili haikuisikia. Wa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja. Alipomaliza, kijana mmoja aliinua mkono akauliza kama jambo hili litakuwa kwenye mtihani.

Akiwa nyumbani alimwambia binti yake Anyango kwamba siku nzima amesema na hakuna alichofanya.

Kule nyuma hali haikuwa nzuri zaidi. Shitanda alijifunza. Alikuja kazini mapema, akaiandika kila hatua kichwani kama mtu anayekariri sala ya lugha nyingine. Lakini kompyuta haikutoa mlio aliouzoea, wala hakukuwa na kadi ya kuishika mkononi mwisho wa kazi. Stima ilipopotea, na ilipotea mara kwa mara, kazi ya asubuhi nzima ilikwenda nayo. Hakulalamika. Jioni aliifunika mashine kwa kitambaa, kama anayefunika chakula cha mgeni asiyempenda. Akikwama alitoka mbele, akasimama kando ya meza ya Lornah mpaka wanafunzi wapungue, kisha akauliza kwa sauti ya chini. Lornah alikwenda naye, akabonyeza mahali panapotakiwa, akaona kiti chake cha zamani na rundo la vitabu vinavyongoja, akarudi mbele.

Ndivyo walivyoishi mpaka 1997.

Mwaka huo magugu maji yalikuwa yameifunga ghuba ya Kisumu. Ukitazama kutoka mjini ungedhani ni shamba la kijani limeletwa likalazwa juu ya ziwa. Boti zilikwama, samaki wakaadimika sokoni, na pale Luanda Kotieno Dalmas alikuwa na siku ambazo chama hakikupima hata kikapu kimoja. Kila mhadhiri aliyefundisha jambo lolote la maji au mimea aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kuhusu magugu hayo.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Nabwire, msichana wa mwaka wa pili kutoka Port Victoria, ambaye mjomba wake alikuwa mvuvi. Alikuja kwenye meza ya Lornah akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Madam, hii maktaba haina kitabu ya haya magugu."

"Umetafuta wapi?"

"Kwa droo zote. Nimeangalia magugu. Nimeangalia haya-hayasinthi, hilo jina lao la Kizungu. Nimeangalia mimea ya ziwa. Hata nimeangalia Victoria nikapata malkia."

Lornah alinyanyuka akaenda naye. Alikumbuka vitabu viwili vilivyopita mikononi mwake miaka ya nyuma, kimoja chenye jalada la bluu na picha za mitaro ya Asia. Alivuta droo ya herufi E, akapekua, akamwonyesha kadi. Juu yake palikuwa pamechapwa, safi kabisa, jina la kisayansi la mmea: Eichhornia crassipes. Hakukuwa na jina jingine.

Nabwire aliisoma, akajaribu kulitamka, akashindwa. "Sasa nani angejua kutafuta hapa?" aliuliza. Hakuuliza kwa kulaumu. Alitaka kujua.

"Mimi," Lornah alisema. "Mimi peke yangu." Kisha wote wawili wakacheka, mpaka mtu wa meza ya kuazimia akawatazama.

Alimpeleka rafuni, akamwachia vitabu, akarudi kukaa. Lakini siku hiyo aliwasikiliza wanafunzi kwa namna nyingine. Walikuwa wakija na maneno yao, na yale maneno yao yeye hakuwahi kuyajua alipokuwa nyuma ya ukuta. Aliyetaka habari za sangara alisema mbuta. Aliyetaka habari za dagaa wa ziwa hili alisema omena. Mwingine alitaka kitabu cha "ile mambo ya watu kurithi mashamba," na katalogi ilikuwa ikimngoja na neno la mahakamani ambalo hangelifikiria hata angekaa siku nzima. Lornah alijua pia kwa nini alikuwa mchache wa maneno zamani. Kila neno la ziada lilikuwa kadi ya ziada ya Shitanda kuchapa, na droo zilikuwa zimejaa.

Alikwenda nyuma kumwona Shitanda.

"Bwana Shitanda, hiyo mashine, ukitaka kuongeza mada moja kwa kitabu, ni kazi gani?"

"Hakuna kazi. Unaandika neno, unabonyeza, kwisha."

"Kadi mpya?"

"Hakuna kadi, Mama Anyango. Hiyo ndiyo nzuri yake peke yake."

"Basi ongeza magugu maji kwa kile cha bluu. Na hayasinthi. Na ukimaliza nina mengine."

Tangu siku hiyo Lornah alizoea kupita kule nyuma kila siku na maneno aliyoyasikia, na Shitanda, aliyekuwa akihamishia kadi za zamani kwenye mashine, akayaingiza, yakaonekana katika kompyuta ya wanafunzi iliyowekwa ukumbini. Wakati mwingine walibishana. Shitanda aliona neno ngege, jina la perege wa ziwani, lisiingie katika katalogi ya chuo kikuu kwa sababu kwao Kakamega hakuna anayelitumia. Lornah alisema Kakamega haina ziwa. Liliingia.

Agosti mama yake Dalmas, Mama Dorca, alifariki. Alikuwa mzee, ameugua muda mfupi, na alitakiwa kuzikwa Luanda Kotieno Jumamosi. Lornah alihitaji ratiba ya mazishi ya kuwagawia watu, pamoja na maisha ya marehemu, na alitarajia kuitoa kwenye kompyuta ya maktaba. Printa haikuwa na wino, na Kisumu nzima hakuupata wa aina ile.

"Wacha hiyo," Shitanda alisema. Alikwenda stoo, akarudi amekumbatia taipureta yake, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akapachika karatasi ya stensili. "Wewe soma. Mimi nachapa. Halafu tutaipitisha kwa saiklostaili ya ofisi, itoe nakala."

Lornah alisoma kutoka kwenye karatasi aliyoandika Dalmas. Mama Dorca alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani. Mlio ule wa zamani ukajaza chumba. Shitanda alikuwa amekaa wima, miwani mbali na kurasa, vidole vinatembea vyenyewe. Alipofika mwisho wa aya alisimama.

"Huyu mama alikuwa anapenda nini? Hapa mmeandika watoto na kanisa peke yake."

Lornah alifikiri. "Alipenda kubishana na mchungaji."

"Hiyo tuandike?"

"Andika alipenda mazungumzo ya Biblia."

Shitanda alitabasamu, akachapa. "Na biashara?"

"Omena. Aliianika yeye mwenyewe mpaka mwaka jana. Hakutaka mtu amgusie."

"Hiyo pia iingie." Akachapa tena. Ukurasa ulipokamilika aliuchomoa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia mstari kwa mstari. "Leo nimefanya kazi," alisema.

Alivyolitamka neno leo, Lornah aliinua macho.

"Na siku nyingine?"

Shitanda aliulaza ukurasa mezani. "Mama Anyango, uko na msiba. Sitaki kukuongezea maneno."

"Sema tu."

"Mimi najua ulichofanya. Bwana Simiyu aliniambia, ni muda. Aliponyokwa. Alidhani unaniambia kila kitu. Aliniambia ningekuwa mlangoni na mifuko."

Lornah aliona uso wake unapata joto. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu amekuachia kiti chake, wewe umwambie kiti chenyewe kinakuumiza mgongo?" Alivua miwani akaipangusa. "Mimi siipendi hiyo kompyuta. Sijaipenda siku hata moja. Nilikaa kwa sababu ni wewe ulinipa. Nikasema, hata kama ni machozi, nitakaa."

"Na mimi," Lornah alisema, "nilikuwa nalia kule mbele, nasema wacha nivumilie, Bwana Shitanda asiende mlangoni."

Walitazamana. Shitanda ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini, akijaribu kukizuia kwa sababu ya msiba, na Lornah akacheka huku machozi yanamtoka. Hakuweza kujua ni ya nini hasa: ya mama mkwe, ya uchovu, au ya miaka ile miwili.

"Sasa rudi," Shitanda alisema. "Nitamwambia Simiyu mwenyewe. Mimi nitashika hiyo mifuko, haina shida."

Lornah alifungua mdomo kukubali. Kisha akamfikiria Nabwire na swali lake. "Tuzike kwanza," alisema.

Walimzika Mama Dorca Jumamosi hiyo. Shitanda alikuja pamoja na Maximilla, katika basi la chuo, akakaa nyuma na watu wa kanisa. Mchungaji aliisoma ile sehemu ya mazungumzo ya Biblia kwa sauti, akasita, akasema kwamba yeye mwenyewe anaweza kushuhudia. Hema zima lilicheka, na Dalmas, ambaye tangu asubuhi hakuwa amezungumza na mtu, alicheka pia.

*

Mwaka uliofuata chuo kiliwaandikia wafanyakazi kwamba anayetaka kustaafu mapema ajitokeze. Wengi waliogopa. Shitanda alijitokeza siku ya kwanza. Maktaba ilimwandalia chai, Bwana Simiyu akatoa hotuba nzuri, na taipureta aliruhusiwa kwenda nayo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeihitaji.

Aliiweka Kondele, chini ya paa la mabati, kando ya studio ya picha, karibu na mahali Maximilla alipouza nguo. Alichapa barua za kuomba kazi, katiba za vyama vya akina mama, na ratiba za mazishi. Miaka ile mazishi yalikuwa mengi, na waliozikwa mara nyingi walikuwa vijana. Watu walimjia na karatasi zilizokunjwa, wakasimama mbele yake wakingoja. Naye, kabla ya kuanza, aliuliza: huyu alikuwa anapenda nini? Wengine hawakuwa na haraka ya kuondoka baada ya hapo. Lornah alipomtembelea alimkuta akimsikiliza mama mmoja aliyekuwa akieleza habari za mwanawe, mikono imetulia juu ya taipureta, hajachapa hata neno. Lornah alikaa na Maximilla mpaka yule mama alipomaliza.

"Hii kazi si ya kuchapa tena," Shitanda alimwambia baadaye. "Lakini ni nzuri."

Kiti cha katalogi kilibaki kitupu. Simiyu alimwita Lornah akamwambia kile alichotarajia kwamba angefurahi kukisikia.

"Kiko wazi. Ni chako, rudi hata leo."

"Nitakikalia asubuhi," Lornah alisema. "Mchana nitakuwa mbele."

"Mama Lornah, hizo ni kazi mbili tofauti. Hakuna mahali nilipoona mtu mmoja akifanya zote."

"Nikikaa nyuma siku nzima nitaanza tena kuwaandikia vitabu majina ninayoyajua mimi. Nikikaa mbele siku nzima, vitabu vitarundikana. Nipe muhula mmoja. Ikishindikana utachagua wewe."

Sauti yake bado ilikuwa ndogo, lakini Simiyu alisogeza kiti mbele ili amsikie. Alimpa muhula mmoja. Ulipoisha hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Mambo hayakuwa laini. Kulikuwa na asubuhi alizoitwa mbele mara nyingi hivi kwamba alichambua kitabu kimoja tu. Mhadhiri mmoja wa elimu ya wanyama, Daktari Obiero, alikuja mezani kwake na karatasi aliyoitoa kwenye printa, akauliza ni nani aliyeandika neno fulu katika katalogi.

"Ni mimi, Daktari. Wanafunzi ndivyo wanavyowaita hao samaki wadogo wa ziwani."

"Sina ugomvi na neno," Obiero alisema. "Hata mama yangu anawaita hivyo. Lakini hawa ni jamii nyingi sana, na wengine tangu mbuta aongezeke na kuwala hawaonekani tena. Ukiwaweka wote chini ya fulu, mtu atadhani ni samaki mmoja. Lifute, au liache na majina ya kisayansi yakae pamoja nalo, kila mmoja na lake."

Lornah hakuwa akilijua jambo hilo. Alimkaribisha nyuma, akamvutia kiti, na mchana ule walipitia vitabu vile pamoja, yeye akiandika na Obiero akimtajia majina. Tangu hapo mhadhiri yule alipita kila muhula kuangalia.

Madarasa pia aliyabadilisha. Aliacha kuhutubia. Aliwagawa wanafunzi vikundi vidogo, akawauliza kila mmoja anatafuta nini kwa lugha anayoitaka, kisha akatafuta nao. Walioondoka mapema walipungua, na aligundua kwamba mtu wa sauti ndogo akisema na watu wachache hahitaji kupaza.

Kulikuwa na siku alizotamani ukimya. Hilo hakumficha mtu. Mlango wa maktaba ulifunguliwa saa mbili, na yeye alizoea kufika kabla, akaingia katika chumba cha katalogi, akawasha kompyuta, akachukua kitabu cha juu kwenye rundo. Alisoma dibaji yake, akaangalia yaliyomo, akajiuliza kinahusu nini, kisha akajiuliza ni nani atakayekuja kukiomba na atasema nini akikiomba. Swali hili la pili ndilo lililomchukua muda mrefu. Huko nje alisikia wanafunzi wameanza kukusanyika barazani, wakizungumza Kijaluo, Kiswahili na Kiluhya kwa pamoja, na mmoja akimuuliza mwenzake kama kile kitabu cha yule mwalimu wa jana kinapatikana humu.

Lornah aliandika mada ya mwisho, akabonyeza, akatoka kwenda kufungua mlango.